Mwale wa Elektroni Unavyotuonyesha Vidudu Tusivyoviona

Katika masomo mengine tumefundishwa habari za maji safi, na choo, na chandarua. Leo twataka kujifunza jambo ambalo kwanza litaonekana kuwa mbali nasi, yaani namna elektroni zinavyotumiwa kufanya picha. Tafadhali usifunge kitabu. Utaona kwamba jambo hili linaingia hata katika nyumba zetu, na linaweza kumwokoa mtu asisingiziwe bure.

1. Neno lililosemwa vibaya

Mwaka mmoja, wakati wa mvua nyingi, baba mmoja wa Obokote alimleta mtoto wake wa miaka sita kwenye dispansari nilipokuwa nikifanya kazi. Mtoto alikuwa na homa, na matezi ya shingo yamevimba, na vipele vimemjaa usoni na mikononi, hata katika viganja na nyayo. Nilimtoboa kidole, nikatia tone la damu juu ya kioo, nikalipeleka kwa ndugu wa labo alitazame kwa mikroskopi. Akatafuta vidudu vya malaria, hakuviona. Akatafuta vya filaria, hakuviona. Nikatoka nje, mahali jamaa walipokaa chini ya mwembe, nikasema maneno mawili tu: "Hatukuona kitu."

Mimi nilidhani nimesema jambo dogo. Lakini babu wa mtoto akasimama, akasema, "Mmesikia wote. Mashini imetazama, haikuona kitu. Basi huu si ugonjwa wa hospitali. Huu ni mkono wa mtu."

Kabla jua halijatua, jina lilikuwa limekwisha kutajwa. Lilikuwa jina la mama mkubwa wa mtoto, mjane wa kaka ya baba yake, aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba za jamaa. Usiku ule vijana walibomoa jiko lake. Asubuhi hakuwapo tena. Alikimbilia kwa ndugu zake upande wa Kindu.

Neno lililomfukuza lilitoka katika kinywa changu mimi. Nilipaswa kusema, "Hatukuona malaria wala filaria. Lakini kuna vidudu vingine vidogo zaidi, ambavyo mikroskopi yetu haina nguvu ya kuviona." Kwa sababu hiyo naandika somo hili, ili wewe usiseme kama nilivyosema mimi.

2. Vidudu vina ukubwa gani?

Tazama alama ndogo za milimeta katika rula ya mtoto wa shule. Gawanya milimeta moja katika sehemu 1,000. Kila sehemu yaitwa mikrometa. Sasa chukua mikrometa moja, uigawanye tena katika sehemu 1,000. Kila sehemu yaitwa nanometa. Kwa hiyo milimeta moja ina nanometa 1,000,000.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hivi. Kijidudu cha malaria hukaa ndani ya chembe hiyo. Kijidudu cha kifua kikuu kina urefu wa nanometa 2,000 hadi 4,000. Hao wote twaweza kuwaona katika mikroskopi ya labo, ile yenye vioo na taa.

Lakini kuna aina nyingine ya vijidudu, ambavyo vyaitwa virusi. Virusi vya polio vina upana wa nanometa 30 tu. Virusi vya Ebola ni kama uzi, na unene wake ni nanometa 80 hivi. Virusi vya ndui ni vikubwa katika jamaa ya virusi, navyo havizidi sana nanometa 300. Mikroskopi ya taa haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita nanometa 200 hivi. Profesa Ernst Abbe wa Ujerumani alionyesha mpaka huo tangu mwaka 1873. Hata ukinunua mikroskopi ya taa ya kawaida ya bei kubwa mno, nayo itafika mpaka huo huo.

3. Kwa nini nuru inashindwa?

Nuru husafiri kwa mawimbi. Wewe uliyepata kukaa kando ya Lualaba umeona mawimbi ya maji. Mtumbwi mkubwa ukiwa umefungwa pwani, mawimbi yanaupiga, na nyuma yake maji yanatulia. Hata mtu asiyeuona mtumbwi, akiyatazama maji tu, atajua kwamba kuna kitu kinachoyazuia. Lakini chomeka unyasi mmoja katika maji yale. Mawimbi yataupita kana kwamba haupo. Nyuma ya unyasi maji hayatulii, wala hayaonyeshi alama yo yote. Unyasi ni mwembamba mno kwa mawimbi makubwa.

Ndivyo ilivyo kwa nuru. Wimbi la nuru tunayoiona lina urefu wa nanometa 400 hadi 700. Kirusi ni kama unyasi. Nuru inakipita, wala hailetei jicho habari zake. Ili tukione kitu kidogo namna hiyo, hapana budi tutafute wimbi lililo fupi zaidi.

4. Elektroni ni nini?

Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu, na ndani ya kila atomu mna elektroni. Umeme unaopita katika waya wa taa ni elektroni zinazotembea. Mwaka 1897 J. J. Thomson, huko Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba mwale unaotoka katika waya ndani ya bomba la kioo lisilo na hewa ni mkondo wa chembe hizo. Aliona kwamba sumaku inaweza kuupinda mwale ule. Neno hili ulikumbuke, maana ndilo msingi wa somo letu: mwale wa elektroni unaweza kupindwa kwa sumaku, kama vile kioo cha miwani kinavyopinda nuru.

Halafu mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alifundisha kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi. Ukiisukuma kwa umeme wa volti 100,000, wimbi lake ni fupi kuliko wimbi la nuru mara 100,000 na zaidi. Basi wimbi fupi tulilolitafuta limepatikana.

5. Njia tatu za kufanya picha

Kwanza, picha ya eksirei, ambayo wengi wetu twaiita radio. Ndani ya mashini mna bomba lisilo na hewa. Waya mdogo unatiwa moto hata unatoa elektroni. Umeme wenye nguvu unazirusha elektroni hizo, nazo zinapiga kipande cha chuma kigumu kiitwacho tungsteni. Zinapogonga, sehemu isiyofika moja katika mia ya nguvu zake inageuka kuwa miale ya eksirei, na sehemu nyingine yote inageuka kuwa joto. Ndiyo sababu mtu wa radio huacha bomba lipoe akiwa amepiga picha nyingi. Miale ile ndiyo inayopita katika mwili wa mgonjwa na kuonyesha mfupa uliovunjika. Kwa hiyo elektroni zenyewe haziingii mwilini. Zinabaki ndani ya bomba. Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale hiyo tarehe 8 Novemba 1895, na katika mwezi wa Desemba alipiga picha ya mifupa ya mkono wa mke wake.

(Mama wajawazito huuliza juu ya ekografia. Ekografia haitumii elektroni wala eksirei. Inatumia sauti isiyosikiwa na sikio. Hakuna sababu ya kuiogopa.)

Pili, televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Nyuma ya kioo chake palikuwa na mwale wa elektroni. Sumaku ziliupeleka mwale huo mstari kwa mstari, kama mtu asomaye ukurasa tangu juu hata chini. Kila mahali mwale ulipogusa, unga uliopakwa ndani ya kioo uliwaka. Mistari 625 kwa kila picha, na picha 25 kwa kila sekunde! Jicho halikuweza kufuata upesi ule, kwa hiyo liliona picha moja inayotembea. Televisheni bapa za siku hizi hazina mwale huo tena.

Tatu, mikroskopi ya elektroni. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza ya kwanza huko Berlin mwaka 1931, na mwaka 1933 Ruska alitengeneza nyingine iliyopita nguvu za mikroskopi ya taa. Ndugu yake, Helmut, alikuwa munganga. Yeye ndiye aliyeona kwamba chombo hiki kitafaa kwa wagonjwa, akaanza kuvipiga picha virusi. Ernst Ruska alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1986, baada ya zaidi ya miaka 50.

6. Kazi ya mikroskopi ya elektroni

Fikiri juu ya nguzo ya chuma iliyosimama, ambayo mara nyingi ni ndefu kumpita mtu, na ndani yake hewa imetolewa. Hewa ikibaki, elektroni zitagongana nayo na kutawanyika, kama taa ya pikipiki inavyopotea katika ukungu.

Juu kabisa kuna waya wa moto utoao elektroni. Chini yake kuna mizingo ya waya wa shaba. Umeme ukipita katika mizingo hiyo, inakuwa sumaku, nayo inakusanya mwale mahali pamoja. Hizo ndizo lenzi zake. Fundi hazisogezi kwa mkono. Anaongeza au kupunguza umeme tu, na picha inakaa sawa.

Kitu cha kutazamwa kinawekwa juu ya wavu mdogo wa shaba, wenye upana wa milimeta 3 tu. Hapana budi kiwe chembamba mno. Kipande cha nyama ya mwili hukatwa kiwe na unene wa nanometa 100 au chini yake. Kisha kinatiwa dawa yenye metali nzito, kama risasi au urani. Elektroni zinapopita mahali pembamba, zinafika chini na kuwasha kioo kilichopakwa unga, nacho king'aa rangi ya kijani. Zinapokutana na metali nzito zinatawanyika, na mahali pale pana giza. Basi picha ni kivuli, kama kivuli cha mkono ukutani mbele ya taa, ila kivuli hiki kimekuzwa mara elfu nyingi.

Picha yenyewe haina rangi. Ukiona katika kitabu kirusi chekundu au cha kijani, ujue kwamba mtu amekipaka rangi baadaye ili wasomaji waelewe vizuri. Tena, kitu kinachotazamwa hivyo hakiko hai, maana kimekaushwa na kuwekwa pasipo hewa.

Kuna na aina nyingine, ambayo mwale wake unapita juu ya kitu mstari kwa mstari kama katika televisheni ya zamani. Hiyo inaonyesha sura ya nje tu, mabonde na vilima vyake. Picha za mdomo wa mbu au mguu wa chawa, zinazotushangaza katika vitabu, hupigwa hivyo.

7. Nchi yetu na uzi wa Ebola

Sasa twarudi Kongo. Mwaka 1976 ugonjwa wa homa na kutoka damu uliingia Yambuku, katika eneo la Bumba. Watu wengi walikufa, pamoja na wauguzi na masista wa hospitali. Munganga Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Alitoa damu kwa wagonjwa pasipo glavu, maana glavu hazikuwapo, na damu ilimchafua vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, naye aliokoka. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja mgonjwa. Damu ya sista huyo ilitiwa katika termosi yenye barafu, ikapelekwa kwa ndege ya abiria mpaka Antwerp, Ubelgiji. Ilipofika, chupa moja ilikuwa imevunjika.

Mikroskopi ya taa haikuweza kuwaonyesha kirusi hicho. Lakini wao hawakuishia hapo. Walitumia mwale wa elektroni, na katika kivuli wakaona uzi mrefu uliopindika kama mnyoo. Huko Atlanta, Marekani, Frederick Murphy aliupiga picha uzi huo mwezi wa Oktoba 1976. Kwanza walifikiri ni virusi vya Marburg, vilivyojulikana tangu 1967, maana sura ni moja. Walipopima kwa njia nyingine waliona kwamba ni ndugu mgeni. Wakamwita Ebola, kwa jina la mto mmoja wa upande ule.

Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Ilionekana kwamba wengi waliambukizwa kwa sindano zilizotumiwa tena pasipo kuchemshwa, maana sindano za siku nzima zilikuwa tano tu. Wauguzi wenzangu, tusilisome jambo hili kwa kuwahukumu waliokufa wakihudumu. Tulisome tukiitazama mikono yetu wenyewe.

Ebola ilipokuja Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwaka 2018 hadi 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Lakini safari hii kulikuwa na chanjo, na dawa mbili zilizoonyesha nguvu, na moja yao ilitokana na kazi ya munganga yule yule Muyembe.

8. Ndui, tetekuwanga na ndui ya nyani

Mwaka 1970, huko Basankusu, mtoto wa miezi tisa aliletwa akiwa na vipele. Watu walidhani ni ndui. Vipimo vikaonyesha kwamba ni ugonjwa mwingine, ambao ulikuwa umeonekana kwanza katika nyani wa maabara huko Copenhagen mwaka 1958. Huyo ndiye mtu wa kwanza anayejulikana aliyepata ndui ya nyani, na siku hizi ugonjwa huo waitwa mpox. Ndui yenyewe imekwisha duniani. Ilitangazwa hivyo mwaka 1980. Lakini mpox imebaki katika misitu yetu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba imekuwa hatari ya mataifa yote.

Mwale wa elektroni ulisaidia sana hapo. Kirusi cha tetekuwanga ni cha mviringo. Kirusi cha ndui ni kama tofali. Fundi akitazama ukoko wa kipele, baada ya muda mfupi anajua ni jamaa gani. Lakini sikia mpaka wake: ndui na mpox ni tofali zote mbili. Mwale unaonyesha ukoo. Haumtaji mtoto kwa jina. Kwa jina hapana budi kipimo kingine. Siku hizi labo hutafuta alama za urithi wa kirusi kwa mashini ndogo zaidi, zisizohitaji nguzo ile kubwa. Lakini mikroskopi ya elektroni inafaa hata leo, hasa ugonjwa ukiwa mgeni na watu hawajui watafute nini.

9. Mwisho wa habari ya mtoto

Siku ya pili muuguzi mkubwa aliviona viganja vya mtoto, akamtenga mara moja. Tulichukua ukoko wa vipele, tukautia katika chupa na baridi, ukaondoka kwa pikipiki. Baada ya majuma kadha jibu likarudi: mpox.

Nilichukua kitabu chenye picha ya tofali lile, nikaenda kwa babu. Nikasema, "Mzee, hiki ndicho kilichompiga mjukuu wako. Kimepigwa picha na mashini kubwa kuliko yetu."

Akatazama sana. Akaniuliza, "Mbona mashini yenu haikukiona?"

Nikamwambia, "Mzee, ukitega mtoni wavu wa kuwinda mboloko, utakamata ndagala?"

Akajibu, "Hapana. Matundu ni makubwa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wavu ulitoka mtupu, nawe ukatuambia mto hauna samaki."

Sikuwa na la kujibu, maana alisema kweli. Nikaomba msamaha mbele ya jamaa wote. Naye baada ya siku mbili akamtuma kijana kumtafuta yule mama. Alirudi baada ya mavuno ya mpunga, na jiko lake likajengwa upya. Mtoto alipona, akabaki na makovu. Lakini mama yule hata leo, mtoto ye yote wa ukoo akipata homa, huanza kukunja nguo zake.

Mambo ya kukumbuka

1. "Hatukuona kitu" si jibu. Taja ulichotafuta, kisha useme kwamba viko vidogo zaidi visivyoonekana kwa chombo chetu.

2. Ugonjwa usioonekana katika mikroskopi yetu si ushahidi juu ya mtu ye yote.

3. Mtu mwenye homa, matezi yaliyovimba na vipele, hasa katika viganja na nyayo, atengwe na aletwe upesi. Awe na sahani na kitanda chake mwenyewe mpaka vikoko vyote vimeanguka na ngozi mpya imeota.

4. Usiguse vidonda pasipo glavu. Nawa kwa maji na sabuni.

5. Usiguse mnyama wa msitu uliyemkuta mgonjwa au amekufa. Nyama ipikwe mpaka iive kabisa.

6. Sindano moja kwa mtu mmoja, kisha itupwe katika sanduku lake.

Maswali

1. Nanometa ngapi zimo katika milimeta moja?

2. Kwa nini mikroskopi ya taa haiwezi kuona kirusi cha polio? Eleza kwa mfano wa mtumbwi na unyasi.

3. Ni kitu gani kinachopinda mwale wa elektroni?

4. Picha ya mikroskopi ya elektroni yaweza kutenganisha tetekuwanga na mpox. Mbona haiwezi kutenganisha ndui na mpox?

5. Jamaa wa mgonjwa wanangoja nje. Umetazama damu, hukuona malaria. Utawaambia maneno gani? Yaandike, kisha uyasome mbele ya mwenzako.